Msomaji wa Madoa

Maabara ya mtafiti wa maradhi ya madini mwilini, yale ya chuma au shaba kuzidi, haina mengi ya kumshangaza mgeni. Utakuta chupa za mkojo, mizani na karatasi. Katika habari za daktari Mwingereza John Walshe, mimi huvutiwa na mikono yake kuliko dawa aliyoipata, kwa sababu mikono ndiyo iliyotangulia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa University College Hospital, London, alikojifunza kwa Charles Dent kazi ya kutenganisha asidi amino, yaani vijenzi vya protini, kwa karatasi. Ni kazi ya usiku mwingi. Karatasi ya kuchujia hushikwa ukingoni tu, tena kwa uangalifu, maana jasho la vidole lina asidi amino zake na alama ya kidole itakuja kujitokeza mwishoni kama shahidi wa uongo. Tone dogo la mkojo huwekwa kwenye kona kwa mrija mwembamba wa kioo. Likikauka, la pili huwekwa juu yake, kisha la tatu. Mwenye pupa hupata doa lililotanuka, na doa lililotanuka halisomeki.

Karatasi huning'inizwa ndani ya tangi lililofunikwa, ukingo mmoja ukiwa umelowa kimiminika kiitwacho fenoli. Fenoli hutambaa polepole usiku kucha, ikiburuta kila asidi amino kwa mwendo wake. Asubuhi karatasi hutolewa, hukaushwa, hugeuzwa upande, kisha hurudishwa kwenye kimiminika kingine. Ndipo hupuliziwa ninihidrini, kemikali ya kuzipa asidi amino rangi, na kupashwa moto, na madoa ya zambarau huchomoza moja moja, kila moja mahali pake. Prolini hutoka ya njano.

Fundi mzoefu huijua ramani hiyo ya madoa kwa moyo. Walshe alipoona, katika mkojo wa mgonjwa wa ini, doa lisilo na mahali kwenye ramani, hakulipuuza kama uchafu. Alilifuatilia hadi chanzo chake: mgonjwa alikuwa akitibiwa kwa penisilini, na doa lile lilikuwa kipande kilichobaki dawa hiyo ilipovunjika mwilini. Kipande hicho ni penisilamini.

Mwaka 1955, akiwa Boston, alionyeshwa mgonjwa wa maradhi ambayo daktari Kinnier Wilson aliyaeleza mwaka 1912. Mtu mzima wa afya hula shaba kidogo kila siku, na ini huitoa ziada kwa njia ya nyongo. Kwa mgonjwa wa Wilson njia hiyo imeziba tangu kuzaliwa. Shaba hulundikana kwenye ini na ubongo. Mikono hutetemeka, ulimi huwa mzito, na pete ya rangi ya kahawia huizunguka mboni. Tiba iliyokuwapo ilikuwa sindano ya dawa iliyochanganywa na mafuta ya karanga, yenye maumivu makali. Walshe alilikumbuka doa lake: penisilamini ina salfa na naitrojeni, viwili vinavyoweza kuikamata shaba. Aliimeza yeye kwanza, kisha akampa mgonjwa. Mwaka 1956 alichapisha matokeo.

Ushahidi ulitoka kwenye mkojo, na hapo ndipo subira inapopimwa. Chupa husafishwa kwa asidi, kwa kuwa vumbi tu laweza kuleta shaba ya kigeni. Mkojo wa kwanza wa asubuhi humwagwa. Wote unaofuata hukusanywa hadi asubuhi ya pili, bila kukosa hata mmoja. Kwa kawaida shaba ya siku nzima haifiki mikrogramu 50, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Mgonjwa akianza penisilamini, kiasi hicho chaweza kupita 1,000. Asiyepima vizuri hawezi kuitegemea tofauti hiyo.

Walshe hakuishia hapo. Wapo waliodhuriwa na penisilamini, hasa figo zao, na kwa ajili yao, tangu 1969, alitumia dawa nyingine, trientini. Zote mbili bado zinatumika. Na kwa kuwa maradhi haya hurithiwa kwa wazazi wote wawili, kila ndugu wa mgonjwa wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa moja kwa nne wa kuwa nayo: wapimwe kabla mikono haijaanza kutetemeka.