Sipendi, Lakini Ni Shairi

Niseme mapema ili tusije tukagombana mbele ya safari: mimi siyapendi mashairi ya Euphrase Kezilahabi. Nimelelewa na vina na mizani. Babu yangu alikuwa akisoma tarbia kwa sauti barazani baada ya magharibi, na hadi leo sikio langu hungoja mizani ya nane, likapumua, kisha likaendelea. Nikifungua *Kichomi* (1974), sikio linangoja weee, wapi!

Miaka michache iliyopita niliombwa kusahihisha mashairi ya wanafunzi katika shindano la shule moja. Binti mmoja alileta kazi isiyo na vina, kuhusu viatu vya marehemu mama yake. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Hili si shairi." Sikumpa hata alama moja. Washindi vina vyao vilikaa sawasawa, na sikumbuki walichosema. Vile viatu navikumbuka.

Kosa langu liko hapo. "Sipendi" ni habari yangu mimi. "Si shairi" ni madai juu ya kazi ya mwenzako, na madai yanataka hoja. Amri Abedi alizieleza kanuni zake katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954). Mulokozi na Kahigi, katika *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu* (1979), walitetea kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Ukiwasoma, unajua kila upande unasimamia nini na kwa nini. Mimi kwenye karatasi ya yule binti sikutoa sababu yoyote. Nilikuwa na kalamu tu.

Basi nikarudi kwa Kezilahabi, nikasoma "Dhamiri Yangu". Mtu amefungwa na dhamiri yake kama mbuzi kwenye kamba, na majani anayoweza kuyafikia yamekwisha. Nikajaribu kuligeuza tarbia, mazoezi tu. Vina vilikaa vizuri, ila mbuzi akapotea. Tarbia kila mwisho wa ubeti inakupa mahali pa kutua, na yule mbuzi hana pa kutua. Kumbe kule kukatika kwa mishororo, nilikokuwa nakuita uvivu, ndiyo kamba yenyewe inavutwa.

Je, sasa nayapenda? Hapana. Nikitaka raha usiku bado namfungua Shaaban Robert. Lakini naweza kukueleza shairi lile linafanya nini na kwa nini limefaulu, bila kujifanya limenigusa moyo. Nadhani kuthamini ni huko, na hakuhitaji mapenzi.

Yule binti sijui kama bado anaandika. Ningempata leo ningemwambia kwamba mimi si mpenzi wa mtindo wake, kwamba mwisho wa kazi yake ulirefuka bila sababu, na kwamba lilikuwa shairi.