Kuisoma Nasaba Katika Hati ya Mirathi

Mtu aazimiaye kuitafuta nasaba yake huko Unguja na Pemba huanza kwa wazee, na ndivyo ipasavyo, maana bibi aliyelea wajukuu hukumbuka majina ambayo hakuna daftari lililoyaandika. Lakini masimulizi ya nyumbani, kwa kuwa yametoka katika mapenzi, huwatukuza waliosifika na kuwanyamazia waliokuwa wanyonge, na kwa hiyo yahitaji shahidi wa pili asiyependelea upande wowote. Shahidi huyo, kwa maoni yangu, ni hati ya mirathi iliyopita mbele ya kadhi.

Nguvu ya hati hiyo imo katika ilmu ya faraidhi yenyewe. Madhali sheria imekwisha kuweka fungu la kila mrithi, wala kadhi hana idhini ya kuzidisha au kupunguza, msomaji aliyepewa mafungu peke yake aweza kurudi kinyumenyume akawatambua watu. Natuchukue mfano wa hati ya Unguja, ya mwezi wa Rajabu 1317, iliyogawa mali ya marehemu mafungu 96: wanawake wawili wamepata mafungu 6 kila mmoja, mwanamke wa tatu 16, mwanamume mmoja 34, na wanawake wawili wengine 17 kila mmoja, bila ya kuelezwa nani ni nani. Mafungu 12 ya wale wawili wa kwanza ni thumni ya mali, na thumni ni haki ya mjane ambaye mumewe ameacha mtoto. Wajane wakiwa wawili hugawana thumni ile ile. Basi hapa amedhihirika mke wa pili, ambaye yamkini nyumbani hakutajwa kamwe. Mafungu 16 ni sudusi, na kwa kuwa mwenye kuipokea ni mwanamke, huyo ni mama wa marehemu, au bibi yake ikiwa mama alikuwa amekwisha kufa. Yaliyobaki, 68, yamekwenda kwa mwana na binti wawili, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke. Baba wa marehemu hakuwa hai, kwani angalikuwako naye angalikuwa na sudusi yake.

Tarehe nayo ina hesabu yake. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku zipatazo 11, kwa hiyo 1317 hugawanywa kwa 33, jawabu likatolewa katika 1317 yenyewe, kisha ikaongezwa 622, tukapata 1899. Na Rajabu ya mwaka ule iliangukia Novemba.

Hata hivyo kuna mambo mawili yawezayo kumpoteza msomaji. La kwanza ni ndugu: mwana wa kiume humzuia ndugu wa marehemu asirithi, hivyo kutoonekana kwa ammi katika hati si dalili kwamba hakuwako. La pili ni zito zaidi. Amri ya 1897 iliyoondoa hadhi ya utumwa katika Unguja na Pemba haikuwagusa masuria, ambao hali yao iliendelea mpaka amri ya 1909. Na kwa sheria mtoto wa suria hurithi sawasawa na mtoto wa mke, hali suria mwenyewe hana fungu. Kwa hiyo watoto wale watatu huenda wakawa wa wajane wale, au wa mke aliyekufa au kuachwa, au wa mama ambaye hati haikumwona kabisa. Hapo faraidhi imefika mwisho wa uwezo wake, na mtafutaji hana budi arejee kwa mashangazi na makungwi, aulize kwa upole na subira nani aliyemzaa nani.

Wenye hati za namna hii masandukuni nawasihi wazinakili kabla mchwa hawajazifikia, wazipeleke kwa mjuzi wa khati za Kiarabu azisome. Na jina la suria, likipatikana, liandikwe katika shajara ya nasaba mahali pake pa mama, kwa wino ule ule ulioandikia majina ya masharifu.