Ngozi ya Gideoni Haikuwa Dira

Kaa na vijana wa kanisa hapa Nairobi jioni moja tu, utasikia mtu akisema "ameweka ngozi". Mungu akitaka niende Qatar, viza itoke kabla ya Ijumaa. Akitaka nimuoe huyu, leo apige simu yeye kwanza. Lugha hii imetoka kwa Gideoni, Waamuzi sura ya 6, na sidhani kuna hadithi ya Biblia tunayoitumia sana huku tukiisoma kidogo hivyo.

Basi tuisome kama hadithi. Gideoni tunamkuta akipura ngano ndani ya shinikizo la zabibu, amejificha Wamidiani wasimwone. Malaika anamjia na kazi anapewa waziwazi: awaokoe Waisraeli. Anaomba ishara, moto unatoka mwambani na kuteketeza sadaka yake. Anabomoa madhabahu ya Baali, ila usiku, kwa kuogopa watu wa kwao. Anapiga tarumbeta, makabila yanakuja. Baada ya haya yote ndipo analaza ngozi ya kondoo kwenye uwanja wa kupuria: manyoya yalowe umande, ardhi ibaki kavu. Asubuhi anakamua bakuli zima la maji. Usiku wa pili anataka kinyume chake, huku akimsihi Mungu asikasirike.

Hebu angalia vizuri. Ndani ya ombi lenyewe Gideoni anakiri kwamba Mungu ameshasema. Njia anaijua. Anachotafuta ni mahali pa kuegemeza woga wake. Sisi tumechukua dawa ya woga tukaifanya dira.

Msimulizi naye ni mjanja. Kwa ile ngozi, hamsuti Gideoni wala hamsifu. Jibu lake liko kwenye mpangilio: Gideoni amempima Mungu mara mbili, na sura inayofuata Mungu anapunguza jeshi lake mara mbili. Wako 32,000. Wenye woga wanaambiwa warudi nyumbani na 22,000 wanaondoka, lakini mwoga mkuu hana ruhusa kwa sababu ndiye jemadari. Kisha 10,000 waliobaki wanakuwa 300. Halafu Mungu mwenyewe anamwambia kama bado anaogopa, ateremke usiku hadi kambi ya adui pamoja na mtumishi wake Pura. Huko anamsikia askari akisimulia ndoto ya mkate wa shayiri ulioviringika ukaangusha hema. Hapo ndipo anasujudu. Ngozi mbili zilishindwa. Ujasiri ukatoka mdomoni mwa adui.

Mimi hadithi hii inanihusu. Nilipoacha chuo kwa kukosa karo, swali la kwanza la shangazi lilikuwa, "Lakini uliomba?" Niliomba, tena sana. Alichotaka kujua ni kama niliona ishara, na kitu pekee nilichoona ni deni kwenye tovuti ya chuo. Kwa hesabu za ngozi, lile deni lilikuwa sauti ya Mungu ikiniambia toka. Sikubali. Karo hupangwa na watu mezani. Viza hugongwa muhuri na karani. Tukiuita kila mlango uliofungwa mapenzi ya Mungu, aliyeufunga hataulizwa kamwe.

Kisha kuna sura ya 8, ambayo mimi sijawahi kuisikia ikihubiriwa kwenye kesha. Gideoni ameshinda. Anakataa ufalme, ila anaomba hereni za dhahabu kutoka kwa nyara, shekeli 1,700. Anatengeneza naivera, lile vazi la kikuhani, anaiweka mjini kwake Ofra. Kumbuka ni naivera ambayo Daudi, baadaye, huagiza iletwe anapotaka kumuuliza Mungu jambo. Yaani mtu wa ngozi amejiundia kifaa cha kudumu cha kuulizia, cha dhahabu, karibu na nyumbani. Israeli yote inaanza kukiabudu. Msimulizi aliyenyamaza kuhusu ngozi hapa hanyamazi tena: anakiita mtego kwa Gideoni na nyumba yake.

Bado ninaomba. Na sidhani kuna ubaya kumwambia Mungu unaogopa. Gideoni alivumiliwa hadi mwisho. Kwa hivyo rafiki yako akikuambia ameweka ngozi, usimcheke. Muulize anaogopa nini, kisha mliombee hilo.