Senti Yenye Tundu

Edward wa Nane hakutimiza hata miezi kumi na moja kwenye kiti cha enzi cha Uingereza. Alipolivua taji Desemba 1936 ili amwoe Wallis Simpson, Waingereza walikuwa hawajapata hata peni moja ya sokoni yenye sura yake. Huku Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, watu walinunulia chumvi kwa senti kumi zenye jina lake.

Siri ilikuwa tundu. Senti ya Afrika Mashariki ilitobolewa katikati, hivyo kichwa cha mfalme hakikuwa na pa kukaa. Palitosha taji dogo juu ya tundu na jina kuzunguka ukingo, na upande wa pili pembe za ndovu zilizopinda. Kubadili jina ni kazi nyepesi kuliko kuchonga uso. Ndiyo maana mfalme aliyekosekana mifukoni mwa raia wake wa London alitungwa kwenye uzi na wachuuzi wa pwani yetu. Na sarafu hiyo si ghali hata leo, kwa sababu ilifuliwa kwa wingi. Hapo ndipo uzuri wa kukusanya sarafu za makoloni unapoonekana: anayefaidi zaidi ni mwenye macho, si mwenye mfuko mnene.

Macho hayo hujifunza kutafuta vitu vidogo mno. Mkusanyaji huigeuza senti chini ya lenzi akisaka herufi moja tu. H ni kiwanda cha Heaton kule Birmingham, KN ni Kings Norton, na isiyo na herufi mara nyingi imetoka London. Halafu inakuja miaka ya Vita Kuu ya Pili, na ghafla shilingi ya simba na milima inaonyesha I ya Bombay, kisha SA ya Pretoria. Meli zilikuwa zikizamishwa baharini, viwanda vya Uingereza vilikuwa na kazi nyingine, na fedha ya Afrika Mashariki ikalazimika kufuliwa karibu zaidi. Vitabu vya historia hutumia kurasa kulieleza jambo hilo.

Kuna sarafu zinazosimulia uchungu zaidi. Hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza eneo la Kenya na Uganda lilitumia rupia, na rupia moja ilikuwa na senti mia. Bei ya madini ya fedha ikapanda duniani, rupia ikapanda nayo, walowezi wenye madeni wakapiga kelele. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ikiwa London, ikaleta florini mwaka 1920, kisha ikaiacha haraka na kuleta shilingi. Ziweke sarafu mbili kando kwa kando. Ya 1920 imeandikwa senti hamsini, shilingi moja. Ya 1921 imeandikwa senti hamsini, nusu shilingi. Jina la senti ni lilelile, ila thamani yake imekatwa nusu kati ya mwaka na mwaka. Ya kwanza ni adimu sana, kwa hiyo wengi huishia kuiona kwenye picha.

Makosa ya wakubwa nayo yana nafasi katika kabati. Mwaka 1907 walijaribu senti ya alumini kwa Afrika Mashariki na Uganda, miongoni mwa sarafu za kwanza za madini hayo kuingia sokoni popote duniani. Hewa ya joto na unyevu ikazila. Kufikia 1909 senti hiyo ilikuwa ya shaba na nikeli. Za alumini zilizosalia huwa na vipele vyeupe, na mkusanyaji mwerevu haviondoi.

Hili la kutosafisha ndilo linalomshinda mgeni. Anapata senti ya shaba nyeusi kwenye kopo la bibi, anaisugua kwa ndimu na majivu mpaka ing'ae, kisha anashangaa mnunuzi anapokunja uso. Weusi ule ulichukua miaka kujengeka na haurudi. Chini yake yalikuwepo maandishi makali, sasa yamelika. Shika sarafu ukingoni, iweke kwenye karatasi kavu, epuka vifuko laini vya plastiki vinavyotoa utomvu wa kijani. Ni ufundi wa kujizuia, na pengine ndiyo sababu vijana wenye haraka huuacha.

Mwisho wa mfululizo huu huwa hautafutwi sana. Mwaka 1964 bodi ilitoa senti tano na senti kumi zenye pembe zilezile na tundu lilelile, lakini jina la malkia halipo. Tanganyika, Uganda na Kenya zilikwishapata uhuru, benki kuu za kila nchi zilikuwa hazijafunguliwa, na soko lilihitaji chenji. Ni za bei ya chini kabisa. Mkusanyaji anayejua kazi hununua mbili za kila aina, moja ilale kifudifudi na nyingine chali, ili pande zote mbili zisomeke kwa pamoja.