Kulaani Mkatili na Kuuacha Mfumo: Uhakiki wa Kitabu cha Las Casas

Katika madarasa ya siasa, kila tunapofikia somo la uvamizi wa Wazungu katika bara la Amerika, kitabu kimoja hakikosi kutajwa. Ni kitabu kidogo cha mtawa wa Kihispania, Bartolomé de las Casas, kiitwacho Brevísima relación de la destrucción de las Indias, yaani maelezo mafupi sana ya maangamizi ya nchi za Amerika. Kilipigwa chapa mjini Seville mwaka 1552. Wanafunzi wanaposomewa habari za vijiji vilivyochomwa moto na watu waliotafunwa na mbwa wa vita, hukasirika, na hasira hiyo ni ya haki. Lakini ukiwauliza, "Ni nani aliyefaidika, na kwa utaratibu gani?" darasa zima hunyamaza. Kosa hilo si la wanafunzi peke yao. Kasoro imo ndani ya kitabu chenyewe, nasi hatuna budi kuifichua.

Tuanze na ubora wake. Las Casas alikuwa mnyonyaji kabla ya kuwa mpinzani wa unyonyaji. Alifika kisiwa cha Hispaniola mwaka 1502, na huko na baadaye Kuba alijipatia mali kwa jasho la wenyeji. Utaratibu uliotumika uliitwa encomienda. Mlowezi alikabidhiwa kundi la wenyeji; wao walimpa kazi au ushuru, naye aliahidi kuwalinda na kuwafundisha dini. Ahadi ilibaki mdomoni, na kazi ikabaki migongoni. Mwaka 1514 Las Casas aliwarudisha watu aliogawiwa, akaanza kampeni iliyoendelea hadi kufa kwake mwaka 1566. Si jambo dogo mtu kuyakana maslahi ya tabaka lake na kuyatangaza maovu yake katika nchi ya mfalme yule yule anayetawala.

Lakini tukiuliza kitabu kinamweleza nani, na kinataka nini kifanyike, ndipo mipaka yake inapoonekana. Kimeandikwa kwa ajili ya Mwana wa Mfalme, Philip, ili ajue yanayotendeka ng'ambo na ayakataze. Mwandishi anailaani encomienda na anawalaani walowezi kwa tamaa yao, lakini Ufalme anauona kuwa ni mwamuzi aliye nje ya ugomvi. Je, Ufalme ulikuwa nje? Hata kidogo. Hazina ya Mfalme ilidai sehemu moja ya tano ya dhahabu na fedha iliyochimbwa. Mwamuzi alikuwa mbia!

Historia yenyewe ilitoa jibu. Mwaka 1542 Mfalme Charles alitoa Sheria Mpya zilizokusudiwa kuikomesha encomienda polepole. Walowezi wa Peru, wakiongozwa na Gonzalo Pizarro, waliasi, na mwaka 1546 wakamuua mwakilishi wa Mfalme, Blasco Núñez Vela. Hata kabla ya kifo hicho, mwaka 1545, Mfalme alikwisha kuifuta ile sheria iliyozuia encomienda kurithiwa. Mwaka huo huo mlima wa fedha wa Potosí, katika Bolivia ya leo, uligunduliwa na Wahispania. Mwaka 1573 Francisco de Toledo, akitawala Peru kwa niaba ya Ufalme, aliratibu kazi ya shuruti iliyoitwa mita, iliyokusudiwa kupeleka Potosí watu wapatao 13,000 kila mwaka. Hapo hapakuwa na mlowezi mmoja mwovu wa kushitakiwa kwa Mfalme. Aliyeamuru ni dola lenyewe.

Kasoro ya pili ni jinsi wenyeji wanavyochorwa. Las Casas anawafananisha na kondoo waliovamiwa na mbwa mwitu. Picha hiyo inaamsha huruma, lakini inawanyang'anya watu historia yao. Huko huko Hispaniola, Enriquillo aliongoza uasi milimani tangu mwaka 1519 hadi 1533, mpaka watawala wakalazimika kufanya naye mkataba. Na mtu akiona wanyonge ni kondoo tu, dawa anayoifikiria ni kuwatafutia mchungaji mwema, au kuutwisha mzigo wao mgongo mwingine. Las Casas aliyafanya yote mawili. Mwaka 1516 alipendekeza walowezi waletewe watumwa ili wenyeji wapate nafuu. Biashara ya Waafrika ilikuwa imekwisha kuanza bila yeye, lakini mwaka 1518 Mfalme alitoa kibali cha kupeleka Waafrika 4,000. Baadaye Las Casas alijuta na kukiri kosa lake katika kitabu chake kikubwa cha historia, ambacho hakikupigwa chapa hadi mwaka 1875.

Yapo pia mabishano ya idadi. Las Casas anataja vifo zaidi ya milioni 12. Leo inafahamika kwamba maradhi, hasa ndui iliyofika Hispaniola mwaka 1518, yaliua watu wengi mno. Wako wanaoitumia hoja hiyo kumsafisha mvamizi. Tuwaulize: mtu aliyenyang'anywa shamba, akashindishwa njaa na kufanyishwa kazi mgodini, atapata wapi nguvu ya kupambana na maradhi?

Sasa tutazame nani alikipokea kitabu hiki kwa shangwe. Kilitafsiriwa kwa Kiholanzi mwaka 1578 na kwa Kiingereza mwaka 1583, na maadui wa Hispania wakakieneza. Mwaka 1656 kilitolewa tena kwa Kiingereza, kikiwa na maneno ya kumtukuza Cromwell, mwaka mmoja tu baada ya Waingereza kuiteka Jamaika, waliyoigeuza kisiwa cha miwa na watumwa. Nao walowezi wa Kiingereza walikwisha kukichoma moto kijiji cha Wapequot huko Mystic mwaka 1637, wakaua mamia ya watu, wake kwa watoto. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Mwaka 1898 kitabu kikachapishwa tena New York, Marekani ilipopigana na Hispania. Vita vilipokwisha, Puerto Rico na Ufilipino zilibadilishiwa bwana tu.

Hapo ndipo penye funzo kwa kada. Lawama inayomlenga mkatili na kuuacha mfumo inaweza kuokotwa na mnyonyaji mwingine akaifanya silaha yake.

Ajabu ni kwamba jibu limo katika kitabu hicho hicho. Las Casas anasimulia habari za Hatuey, kiongozi aliyekimbia Hispaniola akaenda Kuba kuwaonya watu. Hatuey aliwaonyesha kikapu cha dhahabu, akawaeleza kwamba huyo ndiye mungu ambaye wageni wanamwabudu na kuua kwa ajili yake. Alichomwa moto mwaka 1512. Yeye hakuhutubia juu ya tabia mbaya za Wahispania. Alionyesha kitu walichokifuata. Las Casas aliyaandika maneno hayo, lakini hakuyafuata hadi mwisho wake. Basi tukisome kitabu hiki, na tukisomeshe. Lakini kila mara tuanze na kile kikapu.