Kibodi ya Kuandikia Barua, Kazi ya Kupigia Harusi

DJ mmoja anayepiga muziki kwenye sherehe za Mwankoko, hapa Manispaa ya Singida, ameng'oa vitufe kadhaa kwenye kibodi yake. Havikuwa vibovu. Vilikaa jirani mno na vile anavyovitegemea, na kidole kinachokimbia chini ya turubai usiku hakina nafasi ya kuuliza njia. Vilivyobaki amevibandika vipande vya plasta na kuviandika kwa kalamu ya wino mzito: vigelegele, honi, kicheko, ngoma. Kibodi yenyewe ni ya kuandikia barua, ya waya, ya bei ya chini kabisa dukani. Imechomekwa kwenye laptopu, laptopu kwenye amplifaya, na kazi inaanza.

Zipo mashine zilizozaliwa kwa kazi hii ya kurusha vipande vya sauti jukwaani. Mwaka 1988 kampuni ya Akai ya Japani ilitoa MPC60, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn, na tangu hapo wanamuziki wamezoea vibao vya mpira vinavyopima nguvu ya kidole: ukigusa taratibu sauti inatoka ndogo, ukipiga kwa nguvu inatoka kubwa. Kitufe cha kibodi hakina elimu hiyo. Kinajua mawili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa.

Jawabu la DJ huyu limenifanya nimtazame muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Amepanga vigelegele vitatu kwenye vitufe vitatu vinavyofuatana: cha mwanamke mmoja, cha wanawake wachache, na cha ukumbi mzima. MC akianza kumsifu mama wa bibi harusi, kinatoka cha kwanza, kwa chini. Wageni wakiitikia wenyewe, yeye ananyamaza. Kigelegele cha mashine juu ya kigelegele cha binadamu ni kelele tu. Sifa zikipanda, anaingiza cha pili. Cha tatu anakitunza hadi keki, na kama ukumbi umeshachangamka hakitoi kabisa. Hapo ndipo ninapomtofautisha na wale wanaobonyeza honi kila MC akivuta pumzi.

Umaskini wa vifaa haujawahi kuwa kikwazo kwa muziki wetu wa mitaani. Mchiriku wa Dar es Salaam ulisimama juu ya kinanda kidogo cha Casio, kilichopitishwa kwenye amplifaya na spika zenye kukwaruza, ngoma zikikifukuza kwa nyuma. Kundi la Jagwa Music lilifika nao hadi Ulaya na kutoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012. Singeli ikafuata, ikaichukua kibodi ya kompyuta. Vijana wa Sisso Studios ya Mburahati, ambao kazi zao zilikusanywa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kwenye albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017, walitengeneza biti kwa programu za kawaida, na jukwaani wakapiga laptopu yenye programu ya Virtual DJ kana kwamba ni ngoma. Sehemu ya wimbo inawekewa alama, alama inapewa kitufe, na kitufe kikigongwa mfululizo sauti inagugumia kwa mapigo ya kidole. Anayeona hilo ni mchezo wa watoto ajaribu kwa biti inayokwenda mapigo 240 kwa dakika.

Hesabu yake ni hii. Kwa mwendo huo, pigo moja linachukua milisekunde 250, na robo ya pigo ni kama milisekunde 62. Laptopu ya kawaida yenye Windows, isiporekebishwa, inaweza kuchelewesha sauti kwa makumi ya milisekunde kati ya kidole na spika. Ukichelewa 50, karibu robo nzima ya pigo imeshapotea, na honi inaangukia mahali pasipo pake. Programu ndogo ya bure iitwayo ASIO4ALL husaidia kupunguza kuchelewa huko. Kilichobaki anakimaliza mpigaji mwenyewe, kwa kutanguliza kidole kiasi kilekile kila mara. Ndiyo maana mafundi hawapendi kuazimwa laptopu ya mtu: kuchelewa kwa mashine yao wamekwisha kukuzoea mwilini.

Hewa nayo inachelewesha. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, hivyo sauti ya spika iliyo mita kumi kutoka kwa DJ inamfikia baada ya milisekunde 29 hivi. Mchezaji aliye mbali hadhuriki, kwa kuwa kila kitu kinamfikia kikiwa kimechelewa sawasawa. Anayedhurika ni anayebonyeza. Kwa hiyo fundi huweka spika ndogo karibu na sikio lake, au huvaa hedifoni, hata kama kamati ya harusi inaona meza yake imejaa takataka.

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani mchana. Kigelegele kilichorekodiwa kwa simu huja na pumzi, kikohozi na ukimya mbele yake. Ukimya ule lazima ukatwe mpaka sauti ianze mwanzoni kabisa mwa faili. Programu ya Audacity, ya bure, inatosha. Baada ya kukata, faili linahifadhiwa kama WAV, kwa sababu ugeuzaji wa MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni. Halafu sauti zote zinasawazishwa, ili kicheko kisije kikawarusha wazee vitini.

Kibodi nayo inachunguzwa. Nyaya zake za ndani zimepangwa kwa safu na mistari, na katika zile za bei ndogo vitufe fulani vitatu vikibonyezwa pamoja, kimoja hakisikiki. Fundi hujaribu michanganyiko mmoja mmoja, ndipo anapochagua makazi ya kila sauti. Pia huzima tabia ya kitufe kujirudia kinaposhikiliwa, la sivyo kigelegele kimoja kitakuwa mvua.

Asiye na laptopu anaweza kuanza na simu yenye programu ya vibao vya sauti, ila atumie waya. Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kwa milisekunde mia moja na zaidi, na hakuna kidole kinachoweza kuishi na hilo. Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, kwa wapiga ngoma: kile kisahani chembamba cha shaba kilichomo ndani ya king'ora kidogo cha elektroniki hutoa umeme kidogo kikigongwa. Ukikibandika kwenye ngoma na kukiunganisha na kibao kidogo cha elektroniki kiitwacho Arduino, pigo la ngoma halisi linaweza kuamsha sauti yoyote iliyomo kwenye kompyuta, tena hapa nguvu ya mkono inapimika. Inahitaji kulehemu na uvumilivu. Kwaya zenye vijana wa ufundi umeme zingeweza kujaribu.

Kamati zetu za harusi zina kasoro moja katika bajeti: fungu la muziki hupangwa kwa kuhesabu spika. Anayekuja na spika sita hulipwa, na anayekuja na mbili na masikio mazuri huombwa apunguze bei. Safari ijayo mnapokaa kikao, nendeni kwanza kwenye sherehe anayopiga mtu mnayetaka kumwita, msikilize ananyamaza wakati gani, kisha ndipo mpatane naye bei.