Jinsi ya Kuupima Udukuzi Ndani ya Hadithi

Bwana Msa wa Mohamed Said Abdulla na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walitulea wasomaji wa riwaya za upelelezi tudai jambo moja: fumbo lifumbuliwe kwa haki. Siku hizi mhalifu wa hadithi ameshika kompyuta, na haki hiyo inasahaulika. Kijana anabofya vitufe, maandishi ya kijani yanamiminika kwenye skrini, anasema "nimeingia", na benki nzima iko mikononi mwake. Huo ni uganga uliovishwa msamiati wa teknolojia. Yafuatayo ni mambo ya kukagua katika kazi ya mwenzako, au katika mswada wako kabla haujafika kwa mchapishaji.

Nani aliyefungua mlango?

Anza hapa, maana ndipo kazi nyingi zinapoanguka. Katika filamu ya WarGames ya mwaka 1983, kijana David anaingia kwenye kompyuta ya shule yake kwa sababu ameisoma nywila kwenye karatasi iliyoachwa ofisini. Ili aifikie mashine ya jeshi, inambidi ayachimbe maisha ya mtu aliyeiunda, hadi agundue kwamba nywila ni jina la mwanawe aliyefariki. Filamu hiyo haijachuja hadi leo, kwa kuwa nyuma ya kila nywila imemweka mtu.

Sisi tunayajua haya kwa uchungu. Nani Tanzania hajapokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Tapeli hakujui. Anautuma ujumbe kwa watu wengi, akiamini kwamba miongoni mwao yupo aliyekuwa anajiandaa kumtumia mtu hela saa hiyohiyo. Au tazama wizi wa laini. Simu inapoteza mtandao asubuhi. Mwenyewe anaizima na kuiwasha, anaichomoa laini, anaifuta, anairudisha, kisha anaendelea na shughuli zake akiamini mtandao unasumbua. Wakati huo namba yake imeshahamishiwa kwenye kadi nyingine, na ujumbe wa uthibitisho kutoka benki unasomwa na mtu mwingine. Mwandishi akituonyesha mtu akiifuta ile laini, tunaamini yote yanayofuata.

Saa na kalenda

Udukuzi mkubwa huchukua muda, na kazi nzuri huuonyesha muda huo. Wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh wa Februari 2016 ni darasa kamili. Wezi walianzia kwenye barua pepe ya mtu aliyejifanya anaomba kazi, kisha wakakaa ndani ya mtandao wa benki karibu mwaka mzima wakisoma mazingira. Walipoanza kuhamisha fedha ilikuwa Alhamisi usiku Dhaka, na Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko kule. New York, ilikokuwa akaunti ya benki hiyo kwenye Benki Kuu ya Marekani, mapumziko ni Jumamosi na Jumapili. Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu Ufilipino, fedha zilikokwenda. Silaha yao kubwa ilikuwa kalenda. Kwa hiyo mhusika wako akidukua, uliza: kwa nini leo, na kwa nini saa hii?

Mambo yaende mrama

Kisa hichohicho kinafundisha zaidi. Benki ilikuwa na printa iliyochapa kumbukumbu za miamala, na wezi wakaizima. Wafanyakazi walipoikuta haifanyi kazi waliichukulia kama hitilafu ya kawaida ya printa. Hata hivyo mpango wa kuiba dola milioni 951 ulikwama. Neno "foundation" katika muamala mmoja lilikosewa tahajia, na dola milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zikarudishwa. Miamala mingi mingine ilisimamishwa kwa sababu tawi la benki la Manila lilikuwa kwenye mtaa uitwao Jupiter, jina ambalo pia lilikuwa la meli iliyowekewa vikwazo. Wezi waliondoka na dola milioni 81. Mdukuzi asiyekosea chochote ni dalili kwamba mwandishi hajafanya utafiti.

Skrini iseme kidogo

Katika The Matrix Reloaded ya 2003, Trinity anatumia Nmap, programu halisi ya kuchunguza mitandao, kisha anapitia udhaifu ambao kweli uliwahi kuwepo kwenye programu ya SSH. Tukio lenyewe ni la sekunde chache. Wajuzi walifurahi na wengine hawakupotea. Hicho ndicho kiasi: kitu kimoja cha kweli kitajwe kwa jina lake, kisha kisa kiendelee. Kurasa tatu za amri za kompyuta humchosha msomaji, na mwandishi hana sababu ya kumpa mhalifu maelekezo.

Nyayo

Mwaka 1986, mwanaastronomia Clifford Stoll wa maabara ya Berkeley, Marekani, aliona hesabu za matumizi ya kompyuta zimepishana kwa senti 75. Alizifuata hadi akamfikia mdukuzi wa Hannover, Ujerumani Magharibi, aliyekuwa akiwauzia KGB taarifa. Kitabu chake, The Cuckoo's Egg, ni cha kwanza ninachompendekezea mwandishi yeyote, kwa kuwa kinasimulia kwa upande wa mlinzi, na mlinzi ndiye anayejua nyayo zinavyoonekana. Baada ya hapo soma hukumu za mahakama, na soma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 au ile ya Kenya ya 2018, ujue mhusika wako atashtakiwa kwa kosa gani. Kaa na ofisa wa mifumo na umuulize jambo moja: ukivamiwa, huanza kuona nini?

Kipimo cha mwisho kiko kwa watu haohao. Mpe sura yako wakala wa pesa za simu, au mtu anayelinda mitandao ya benki. Akikusahihisha jina la programu, rekebisha na uendelee. Akikuambia kwamba hakuna mfanyakazi wa kazini kwake ambaye angefanya kama mhusika wako alivyofanya, andika sura hiyo upya.